Wilbury watano, santuri moja: maswali mnayoniuliza kuhusu Jumapili ijayo

Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, saa tisa alasiri, sebule yangu ya South B, Nairobi, huwa ukumbi wa kusikiliza santuri. Tunakuwa kumi, siku nyingine kumi na wawili, na sheria ni moja tu: sindano ikishashuka, hakuna gumzo hadi upande uishe. Safari hii tunasikiliza Traveling Wilburys Vol. 1 ya mwaka 1988, na tangu nitangaze simu yangu haipoi. Maswali ni yaleyale. Nimeamua kuyajibu yote mahali pamoja ili siku yenyewe tusikilize badala ya kuhojiana.

Hao Wilbury ni akina nani? Mbona sijawahi kuwasikia?

Umewasikia sana, ila kwa majina mengine. Ni watu watano, na kila mmoja alikuwa na jina lake kubwa kabla ya kukutana: George Harrison aliyekuwa Beatles, Bob Dylan, Roy Orbison, Tom Petty, na Jeff Lynne wa Electric Light Orchestra. Wote watunzi, wote waimbaji, wote wapiga gita. Mkubwa wao, Orbison, alikuwa na miaka 52. Mdogo wao, Petty, 37.

Kama ulilelewa kwenye nyumba ya Kenya yenye redio, Orbison unamjua hata kama hujui kwamba unamjua. Ni ile sauti inayopanda polepole kama mtu anayekwea ngazi, hadi unajiuliza atashukaje. Baba zetu waliokuwa wakisikiliza Jim Reeves Jumapili asubuhi walimweka Orbison kwenye rafu hiyohiyo.

Jina Wilbury limetoka wapi?

Ni mzaha wa studio. Harrison na Lynne walipokuwa wakirekodi Cloud Nine, albamu ya Harrison iliyotoka 1987, kila kosa dogo lililosikika kwenye kanda walilipuuza wakisema watalizika chini ya vyombo vingine. Kwa Kiingereza, maneno hayo ya kuzika yakitamkwa haraka yanasikika kama Wilbury. Kwa hiyo Wilbury ni kosa dogo lililofichwa ndani ya wimbo. Mimi nalipenda jina hilo kuliko yote ambayo kundi la mabwana wakubwa wangeweza kujipa.

Ilianzaje? Kampuni iliwaita?

La. Kampuni ya rekodi ya Harrison ilichotaka ni wimbo mmoja wa ziada. Mwaka 1988 Harrison alikuwa anatoa singo ya This Is Love, na akaambiwa alete wimbo mwingine wa kujazia upande wa pili kwa soko la Ulaya. Alikuwa Los Angeles. Akala chakula cha jioni na Lynne, ambaye wakati huo alikuwa akifanya kazi na Orbison. Orbison naye akasema atakuja kutazama. Studio ya kupatikana haraka haikuwepo, basi wakampigia Dylan aliyekuwa na kistudio nyumbani kwake Malibu, kwenye gereji. Gita la Harrison lilikuwa kwa Petty. Alipokwenda kulichukua, akamwambia Petty naye aje.

Kwa hiyo lile kundi ambalo magazeti yaliliita kundi la miamba lilizaliwa kwa sababu mtu alikwenda kuchukua gita lake.

Walianza wimbo bila maneno. Dylan, mwenye nyumba, akauliza unaitwaje. Harrison akatupa jicho nyuma ya mlango wa gereji, akaona sanduku la katoni limeandikwa Handle with Care, yaani beba kwa uangalifu. Hilo likawa jina. Wakaandika maneno pamoja na wakaurekodi siku hiyohiyo. Kampuni iliposikia ikakataa kuutupa upande wa pili wa singo, na Harrison naye hakutaka uozee huko. Wimbo mmoja ukahitaji ndugu tisa.

Kwa nini walitumia majina ya bandia?

Kwenye jalada hakuna Dylan wala Harrison. Kuna Nelson Wilbury (Harrison), Otis (Lynne), Lefty (Orbison), Charlie T. Jr. (Petty) na Lucky (Dylan), eti wote ni ndugu wa baba mmoja. Maelezo ya nyuma, hadithi ndefu ya upuuzi kuhusu ukoo wa Wilbury, yaliandikwa na mchekeshaji Michael Palin, naye akajificha nyuma ya jina la bandia. Hata mpiga ngoma, Jim Keltner, alipewa jina lake la utani.

Sababu moja ni ya kibiashara: watu hawa walikuwa na mikataba na kampuni tofauti. Ila ukisikiliza utagundua sababu niliyonayo mimi, ambayo ndiyo iliyonifanya niichague santuri hii. Mtu akivua jina lake mlangoni, anaweza kuimba sauti ya tatu nyuma ya mwenzake bila kuona amedhalilika. Dylan anaitikia. Harrison anapiga gita mistari miwili kisha anakaa kimya. Albamu nyingi za wakubwa kadhaa huharibika kwa sababu kila mmoja anakuja na jina lake kamili, na jina kamili hudai ubeti kamili. Utazijua: kila wimbo unasubiri zamu ya fulani, kama foleni ya benki.

Ni kweli walirekodi kwa siku kumi?

Kazi ya msingi, ndiyo, takriban siku kumi, mwezi Mei 1988. Dylan alikuwa anaanza ziara mwezi Juni, kwa hiyo muda ulikuwa huo huo. Walihamia nyumbani kwa Dave Stewart, mwanamuziki wa Eurythmics, Los Angeles. Mchana wanatunga wimbo, usiku baada ya kula wanakaa mezani kuandika maneno, kila mtu akirusha mstari, wengine wakicheka au wakikataa.

Magita ya msingi waliyapiga pamoja jikoni, watano wamekaa mduara. Hili ndilo sikio lako lilitafute Jumapili: ule mvumo mpana chini ya nyimbo, kama mvua kwenye bati, ni magita kadhaa makavu yanayokwanguliwa kwa pamoja. Kwenye Rattled, Keltner aliona ngoma hazitoshi, akafungua friji na kugonga rafu zake za waya kwa vijiti. Nilipolisikia hilo nilimkumbuka George Mukabi, bwana wa omutibo, mtindo wa gita kutoka Magharibi ya Kenya, aliyepiga gita kavu huku chupa ya soda ikigongwa kushika mwendo. Mtu mmoja na chupa kijijini, mwingine na friji ya tajiri, na sikio ni lilelile.

Baada ya hapo kanda zikapelekwa Uingereza, kwenye studio ya nyumbani kwa Harrison huko Henley-on-Thames, na yeye na Lynne wakamalizia. Wao wawili ndio watayarishaji, na mkono wa Lynne unasikika: ngoma zimenyooka, sauti zimepangwa kama matofali. Kuna wanaosema amezing'arisha mno. Kwenye nyimbo mbili tatu nakubaliana nao.

Huu ni muziki wa folki au ni roki?

Ni vyote viwili, na kantri kidogo, na rokabili ya miaka ya hamsini. Folki ipo kwenye magita makavu, harmonika ya Dylan, na hadithi ndani ya nyimbo. Roki ipo kwenye ngoma na besi. Mtu wa Nairobi asisumbuke sana na jina. Nyimbo za Daudi Kabaka na za Mukabi nazo hazikuwahi kuulizwa zikae kwenye sanduku gani.

Nina dakika tatu tu kwenye matatu. Nianze na wimbo gani?

Handle with Care. Ni kama mchoro wa nyumba nzima: Harrison anaimba beti, Orbison anaingia katikati na kupandisha sauti, Dylan na Petty wanashika kiitikio pamoja, kisha harmonika. Sauti nne ndani ya wimbo wa dakika tatu na ushei, na hakuna anayemkanyaga mwenzake.

Ukiwa na dakika nyingine tatu, weka Not Alone Any More, ambao anauimba Orbison. Uusikilize ukiwa peke yako, maana kondakta akikuuliza nauli katikati ya ule mstari wa juu utamjibu vibaya.

Na upi niuruke?

Swali la ukorofi, lakini sawa. Margarita sijawahi kuuelewa, na miaka inapita. Dirty World unachekesha mara mbili, ya tatu umeshajua kichekesho. Tweeter and the Monkey Man ni mrefu na umejaa watu, magari na polisi. Wapo wanaouona kuwa ndio bora kuliko yote humu, na siku nikiwa na subira nakubaliana nao.

Nani aliandika wimbo upi, na pesa waligawanaje?

Kwenye jalada nyimbo zote kumi zimeandikwa na Traveling Wilburys. Udugu mtupu. Lakini kwenye maandishi madogo ya uchapishaji wa nyimbo, pale ambapo msikilizaji hasomi, haki zimeelekezwa kwa kampuni za watunzi, na ukizifuatilia unaona ni nani aliyebeba mzigo mkubwa wa wimbo upi. Heading for the Light unaelekea kwa Harrison. Congratulations kwa Dylan. Last Night kwa Petty.

Watu wakiniuliza kama huo ni unafiki, nasema hapana. Kicheko kilikuwa jikoni, karatasi zilikuwa kwa mawakili, na kila kitu kilikaa mahali pake.

Kwa nini Roy Orbison haonekani kwenye video ya End of the Line?

Alikuwa amefariki. Albamu ilitoka Oktoba 1988, na tarehe 6 Desemba mwaka huohuo moyo wa Orbison ukasimama. Wenzake walipopiga video ya wimbo huo walijipanga ndani ya behewa la treni, na sauti yake inapofika picha inaonyesha gita limekaa kwenye kiti cha kubembea, na kiti kinabembea. Hakuna maneno. Nimewaonyesha watu video hiyo hapa nyumbani mara kadhaa, na chumba huwa kimya hata bila ile sheria yangu.

Inauma zaidi ukijua alikotoka. Alimpoteza mke wake kwa ajali ya pikipiki mwaka 1966, na miaka miwili baadaye wanawe wawili wakafa katika moto wa nyumba. Miaka mingi iliyofuata hakusikika sana. Inasimuliwa kwamba Harrison, Lynne na Petty walimfuata kwenye onyesho lake huko Anaheim kumwomba ajiunge nao, akakubali, nao wakarudi na furaha ya watoto. Albamu yake mwenyewe, Mystery Girl, ilitoka mapema 1989. Hakuiona sokoni.

Vol. 2 iko wapi? Muuzaji amenipunja?

Hajakupunja. Haipo. Ya kwanza ni Vol. 1, ya pili, ya mwaka 1990, inaitwa Vol. 3. Ni utani wa Harrison. Walibaki wanne, wakabadilisha na majina: Harrison akawa Spike, Lynne akawa Clayton, Petty akawa Muddy, Dylan akawa Boo. Waliitoa kwa kumbukumbu ya Lefty, yaani Orbison. Ni santuri nzuri ya watu wanne wanaokumbuka wa tano. Nafasi yake unaisikia kila mahali, na ndiyo maana sitaicheza Jumapili.

Iliuza?

Sana. Ilifika nambari 3 kwenye orodha ya Billboard Marekani, na mwaka 1990 ikawapa tuzo ya Grammy ya kundi bora la roki. Baadaye ilipotea madukani kwa miaka mingi kabla ya kurudi 2007 pamoja na Vol. 3 ndani ya kasha moja, na kasha hilo likapanda hadi juu kabisa ya orodha ya Uingereza. Wakati huo Harrison alikuwa amefariki, tangu Novemba 2001. Petty alimfuata Oktoba 2017. Waliobaki ni Dylan na Lynne.

Waliwahi kupiga Nairobi?

Hawakupiga popote. Hawakufanya ziara hata moja. Unachokisikia kwenye santuri ndicho chote kilichopo.

Nitaipata wapi hapa mjini?

Kwenye simu ipo, isikilize humo. Ukitaka santuri, nenda Kenyatta Market. Ndani, ukipita wasusi na moshi wa nyama choma, kuna kibanda kinachojulikana na kila mpenda santuri wa jiji hili. Usiende na haraka. Kabla ya kulipa itoe kwenye mfuko wake na uiinamishe kwenye mwanga: michirizi myembamba kama unywele inavumilika, ila ule mkwaruzo ambao ukucha unakwama, uiache. Angalia pia kama imejikunja, maana santuri nyingi za hapa zilikaa miaka juu ya kabati karibu na dirisha.

Yangu ina mkwaruzo mwanzoni mwa upande wa pili. Mtausikia. Msiniambie.

Wanamuziki wetu wakubwa hawawezi kufanya jambo kama hili?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, kwa kawaida na mtu ambaye tayari ana jibu lake. Jibu langu ni kwamba walishafanya, hapahapa, kabla hao Wilbury hawajafikiriwa.

Miaka ya sitini kulikuwa na Equator Sound Studios, lebo ya Charles Worrod. Daudi Kabaka, Fadhili William, Gabriel Omolo, na Nashil Pichen na Peter Tsotsi waliotoka Zambia, walikuwa chini ya paa moja. Leo Kabaka anarekodi na wengine wanampigia, kesho zamu ni ya Fadhili. Majina yalikuwa yao, lakini sauti unayoisikia nyuma ni ya nyumba nzima. Muziki huo ulitoka nje ya mipaka: mwaka 1968 kundi la Tremeloes la Uingereza liliuimba Helule Helule wa Kabaka.

Kilichokosekana ni yale maandishi madogo. Angalia Malaika. Fadhili William aliurekodi, dunia nzima ikauimba, na hadi leo ukiutaja kwenye meza yenye wazee watatu utapata watunzi watatu: mmoja atasema Fadhili, mwingine Adam Salim wa Tanzania, wa tatu Grant Charo. Wote wana hadithi kamili.

Sisi ni waimbaji watatu, kila mmoja ana albamu zake. Tunataka kutoa moja pamoja. Tuanzie wapi?

Naona hamkuja kwa ajili ya santuri. Karibuni hivyohivyo.

Niliwahi kukaa kwenye studio moja jijini na watu watatu kama nyinyi. Nyimbo nne zilikuwa tayari, tamu hadi leo nikizikumbuka. Mmoja akapata mwaliko wa kupiga nje ya nchi, akauimba wimbo mmoja peke yake, mtu akaurekodi kwa simu, ukasambaa. Wenzake wakauliza wimbo ni wa nani. Hakuna aliyekuwa na karatasi. Mtayarishaji akasema faili ni zake kwa kuwa hajalipwa. Nyimbo hizo bado zimo ndani ya kompyuta fulani.

Kwa hiyo usiku uleule wimbo unapokamilika, kabla watu hawajaita boda, andikeni nani ana asilimia ngapi ya maneno na nani ana asilimia ngapi ya muziki. Wekeni sahihi. Tenganisheni mambo mawili: wimbo ni kitu kimoja, rekodi ni kingine. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, haki ya wimbo inadumu miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mtunzi, na wimbo ukiwa wa watunzi kadhaa inahesabiwa kwa yule anayekufa mwisho. Rekodi ni miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Hakimiliki yenyewe haisubiri kusajiliwa, ila kusajili kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, kunakupa ushahidi siku mkikosana. Na mtayarishaji mlipeni, au mwandikieni sehemu yake waziwazi.

Andikeni pia nini kitatokea mmoja akifa. Najua ni vigumu kulitaja mkiwa na furaha. Wilbury walikuwa na wiki chache tu kati ya albamu kutoka na mazishi.

Kuhusu muziki wenyewe nina ombi moja. Chagueni wimbo mmoja ambao yule mwenye jina kubwa zaidi kati yenu anaitikia tu, mwanzo hadi mwisho. Mkishindwa kupata wimbo huo, pengine mnachotaka ni tamasha, na hilo ni jambo jema pia.

Jumapili nije na nini?

Njoo na mdomo uliofungwa na kitu cha kutafuna kisicho na sauti. Mahamri ndiyo, krispi hapana. Watoto wanaruhusiwa wakiwa wa umri wa kukaa dakika 36, maana huo ndio urefu wa santuri nzima, na katikati tunageuza. Viatu mlangoni. Stima ikipotea tutasubiri nusu saa, isiporudi kuna gita kavu kwenye kona, lina nyuzi tano, na kati yenu kuna watatu wanaodai wanaweza kuimba.